Taa ya tairi inawaka alfajiri na kuzimika njiani: upepo unakwenda wapi?

Unawasha gari alfajiri, na kwenye dashibodi inatokea taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa katikati, ndani yake alama ya mshangao. Unashuka, unalizunguka gari, unatazama tairi moja moja. Yote yanaonekana mazima. Unaondoka, na baada ya muda taa inazimika yenyewe. Kesho yake mambo ni yaleyale. Wiki ikiisha, dereva ameshajijibu kwamba sensa ndiyo inayosumbua, na kuanzia hapo taa haimshughulishi tena.

Mara nyingi sensa haina kasoro yoyote. Ilisema kweli alfajiri, na ilisema kweli pia ilipozima taa. Hesabu ndogo inaonyesha hivyo.

Chukua gari ambalo mtengenezaji ameagiza psi 32 (psi ni kipimo cha presha, yaani ratili kwa inchi ya mraba), na taa yake imepangwa kuwaka presha ikishuka hadi 24. Tairi moja limefika psi 25.5 mchana wa nyuzi joto 30. Usiku joto linashuka hadi 14. Hakuna upepo uliotoka, lakini hewa iliyofungiwa ndani ikipoa husukuma kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo alfajiri tairi lilelile lina psi 23.4. Taa inawaka. Gari likianza kutembea, tairi linabonyea na kujinyoosha katika kila mzunguko na linapata joto. Likifika nyuzi 45, presha inapanda hadi karibu 27.5 na taa inazimika. Dereva anapumua, wakati tairi bado lina upungufu uleule lililokuwa nao alfajiri. Joto limeufunika tu.

Kwa tairi la kawaida la gari dogo, badiliko la nyuzi 10 hubadilisha presha kwa takriban psi 1.5. Hilo ni la kimaumbile na halina dawa. Lakini tairi lililojazwa psi 32 likiwa baridi haliwezi kushushwa hadi 24 na ubaridi wa usiku mmoja. Likifika huko, kuna upepo ambao tayari umeshaondoka, pengine kwa miezi, na usiku umemalizia kazi tu.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Taa hujibu swali moja: je, presha iko chini ya kiwango fulani sasa hivi? Haisemi imefikaje huko, wala kwa kasi gani. Na anayetaka kujua kama tairi lake ni zima au gonjwa anahitaji hasa kuijua hiyo kasi, na kujua kama matairi mengine matatu yanapungua kwa mwendo huohuo.

Kwa nini taa inachelewa

Robo nzima ya upepo kupotea kabla ya onyo si jambo dogo, na kiwango hicho kina historia yake. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha viwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa katika mwendo mkali, na magari yalipinduka. Vifo zaidi ya 200 nchini Marekani vilihusishwa na matairi hayo. Sababu zilikuwa zimefungamana: namna tairi lilivyotengenezwa, joto, mwendo, mzigo, na presha. Ford ilikuwa imeagiza psi 26 kwa gari hilo, Firestone ikitaka 30. Tairi linaloanzia 26 halina akiba kubwa. Likipoteza psi tano bila mwenyewe kujua, linabeba gari zito kwa 21 na kuchemka.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutaka magari yawe na onyo la upepo mdogo. Kanuni ya kwanza, ya mwaka 2002, iliwaruhusu watengenezaji wachague mfumo unaotambua tairi moja tu lililopungua kwa asilimia 30. Watetezi wa walaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2003 mahakama ikaifuta. Kanuni iliyofuata ilitaka taa iwake ndani ya dakika 20 tairi lolote, liwe moja au yote manne, likipungua kwa asilimia 25 chini ya presha iliyoagizwa, na magari mepesi yote mapya yakawajibika kuanzia Septemba 2007. Umoja wa Ulaya uliweka kiwango kikali kidogo, asilimia 20, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko lazima liwe na mfumo huo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu dereva mwingi huamini kwamba taa ikiwa imezimika, matairi yako sawa. Asilimia 25 ni mahali wabunge, mahakama na wahandisi walipofikia ili mfumo usiwapigie watu kelele kila asubuhi ya baridi. Hatari haingoji kiwango hicho kifikiwe. Tairi la psi 32 linaweza kukaa kwenye 26 kwa majuma kadhaa, taa ikiwa imezimika kabisa, huku kingo zake za nje zikilika haraka kuliko katikati, na ubavu ukijikunja kupita kiasi na kujijaza joto.

Kwenye maji hali ni mbaya zaidi. Utafiti wa NASA wa miaka ya 1960, uliofanywa kwa ajili ya matairi ya ndege, ulionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji badala ya kugusa barabara huendana na kipeuo cha pili cha presha yake. Ukiitumia kanuni hiyo kwa makadirio, tairi lililoisha meno lenye psi 32 huelea karibu na kilomita 94 kwa saa; likiwa na psi 24, karibu na 82. Hizo kilomita 12 ndizo zinazoweza kuamua kama usukani unakusikia au haukusikii.

Mafuta ya gari nayo hutajwa sana. Makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba kila psi moja inayopungua kwenye wastani wa matairi yote hupandisha matumizi kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, na sioni kwamba ndiyo sababu ya kumfanya mtu ainame na geji. Sababu ni ubavu wa tairi na ule mwendo wa kuelea juu ya maji.

Magari mawili, taa moja, akili tofauti

Taa zinafanana, lakini nyuma yake kuna mifumo miwili isiyofanana hata kidogo. Ni vizuri kujua gari lako lina upi, kwa sababu makosa ya kila mmoja ni tofauti.

Mfumo wa kwanza hupima presha yenyewe. Ndani ya kila gurudumu, mara nyingi kwenye mzizi wa valvu, kuna sensa ndogo yenye betri na kisambazaji cha redio. Gari likisimama muda mrefu, sensa hulala au hutuma vipimo kwa nadra ili kutunza betri. Magurudumu yakianza kuzunguka inaamka na kutuma vipimo mara kwa mara. Porsche 959 ya mwaka 1986 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kabisa kuwa na ufuatiliaji wa presha ya tairi, na leo teknolojia hiyo iko hadi kwenye magari ya bei ya chini. Udhaifu wake ni betri. Imezibwa ndani ya sensa, haibadilishwi, na hudumu takriban miaka mitano hadi kumi. Ikifa, taa hufanya kitu ambacho wengi hawakijui: hupepesa kwa dakika moja au dakika na nusu kila gari linapowashwa, kisha inabaki inawaka. Kupepesa huko maana yake ni kwamba mfumo wenyewe umeharibika. Taa inayowaka moja kwa moja bila kupepesa inazungumzia upepo.

Mfumo wa pili haupimi presha kabisa. Unatumia sensa za breki za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), ambazo tayari zinahesabu mzunguko wa kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo hukaa chini kidogo, linakuwa kana kwamba ni dogo kuliko mengine, kwa hiyo lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili kwenda umbali uleule. Kompyuta ikiona gurudumu moja linawazidi wenzake, inawasha taa. Wazo hili ni zuri na rahisi, lakini lina pengo: matairi yote manne yakipungua pamoja kwa kiasi kimoja, hakuna linalomzidi mwenzake. Mifumo ya kisasa ya aina hii huchunguza pia mtikisiko wa gurudumu ili kuziba pengo hilo. Ya zamani haiwezi.

Kisha kuna kitufe. Magari yenye mfumo huu wa pili huwa na kitufe, au sehemu kwenye menyu, ya kuiambia kompyuta kwamba matairi sasa yako sawa, ijifunze upya. Kitufe hicho kimekusudiwa kubonyezwa baada ya kujaza upepo. Mtu anayekibonyeza ili taa iondoke tu anakuwa ameifundisha gari kwamba upungufu ule ndio hali ya kawaida. Kuanzia siku hiyo robo nyingine inahesabiwa kutoka hapo chini. Gari linaweza kutembea na tairi lililochoka kabisa na taa ikakaa kimya kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa. Katika makosa yote yanayohusu taa hii, sijui lingine la hatari kama hili, na hufanywa na watu makini wanaodhani wanarekebisha jambo.

Njia ambazo upepo hupitia ukitoka

Tairi zima, lisilo na tundu lolote, linapoteza upepo. Mpira una nafasi ndogo mno kati ya molekuli zake na hewa hupenya polepole, kama puto la sherehe linavyonywea likiachwa siku kadhaa ingawa limefungwa vizuri. Ndiyo maana tabaka la ndani kabisa la tairi lisilo na tyubu hutengenezwa kwa mpira wa jamii ya butili, unaopitisha hewa kwa shida sana. Katika matumizi ya kawaida, kupoteza psi moja hivi kwa mwezi huhesabiwa kuwa sawa. Ukianza na 32 na usiguse kitu, miezi minane baadaye uko 24, na hakuna msumari wala fundi wa kulaumiwa.

Oksijeni hupenya mpira haraka kuliko naitrojeni, na kutokana na hilo imezuka biashara ya kujaza naitrojeni tupu. Jarida la Consumer Reports la Marekani lililinganisha hizo mbili kwa mwaka mzima, matairi yakianza na psi 30 na kuachwa nje bila kutumika: yenye hewa ya kawaida yalipoteza 3.5, yenye naitrojeni 2.2. Tofauti ipo, ni psi 1.3 kwa mwaka. Hewa tunayovuta tayari ina naitrojeni asilimia 78. Kwa gari la kawaida, naona ni bora pesa hiyo inunue geji nzuri.

Kupenya kwa namna hii kuna sifa inayosaidia sana: hugusa matairi yote kwa kiasi kinachokaribiana. Ubaridi nao ni vivyo hivyo. Lakini uvujaji ni wa tairi moja. Kwa hiyo usiisome namba ya geji peke yake. Isome dhidi ya matairi mengine. Ukijaza yote manne 32, na baada ya wiki tatu ukakuta 31, 31, 31 na 27, hata kama taa haijawaka, tairi la nne linavuja. Ukikuta 28 kote baada ya miezi kadhaa, hulazimiki kumwona fundi: jaza, kisha fupisha muda wa kupima. Na ikiwa tairi moja lilikuwa likipoteza psi mbili kwa mwezi na sasa linapoteza mbili kwa wiki, tundu linapanuka, au msumari unalegea.

Msumari ndio wa kwanza kushukiwa, na unaweza kukaa kwenye tairi kwa miezi ukiwa umejiziba wenyewe, ukivujisha kidogo pale tu gurudumu linapoukandamiza upande fulani. Usiuchomoe njiani. Ukiwa ndani ndiyo kizibo chako.

Valvu hufuata. Sindano iliyo ndani yake inaweza kulegea au kukwamwa na punje ya mchanga, na hapo kifuniko kidogo kinachodharauliwa kina kazi ya kweli: kuzuia vumbi na unyevu. Mpira wa valvu ukizeeka hupasuka kwenye shina. Uinamishe kidogo kwa kidole uone kama kuna nyufa. Kwenye magari yenye sensa ndani ya gurudumu, shina la valvu mara nyingi ni la alumini, na likiwekewa sindano ya shaba tupu, metali hizo mbili hulana kwa kutu hadi sindano inaganda. Inatakiwa sindano iliyopakwa nikeli.

Sehemu ambayo mafundi wengi huipita ni pale tairi linapokaa juu ya rimu. Rimu za alumini zikipata chumvi, maji na miaka, hutokewa na unga mweupe unaonyanyua ukingo wa tairi kwa kiasi kisichoonekana, na upepo ukatoka taratibu kuzunguka duara lote. Tairi linatolewa, linachunguzwa, halina tundu, linarudishwa, na baada ya wiki mbili limepungua tena. Dawa ni kusugua kingo za rimu hadi zing'ae na kupaka dawa ya kuziba kabla ya kulirudisha tairi. Rimu iliyogonga shimo inaweza pia kuwa na ufa mwembamba upande wa ndani, ambao hauonekani gurudumu likiwa limefungwa.

Kuyapata yote hayo kunahitaji maji na sabuni. Jaza tairi hadi presha iliyoagizwa, paka povu kwenye uso wote, kwenye valvu, na kwenye mzunguko wa rimu pande zote mbili, kisha subiri. Uvujaji wa psi mbili kwa wiki hautoi mapovu makubwa. Unatoa kichuguu kidogo cha povu laini kinachokua polepole, na anayekagua kwa haraka hukosa kukiona. Kuzamisha gurudumu zima kwenye karai kubwa la maji ni bora zaidi.

Geji na wakati wake

Macho hayatoshi. Matairi ya radiali, yale ambayo nyuzi zake za ndani hukata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ambayo Michelin ilianza kuyasajili kwa hataza mwaka 1946, yana ubavu laini unaovimba kidogo hata likiwa na upepo kamili. Lililopungua robo linafanana na jirani yake lililojaa, na teke la kiatu halielezi chochote.

Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Ile iliyochongwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, na haijui limefungwa kwenye gari gani. Ikiwa upande mmoja wa gari unapigwa na jua na mwingine uko kivulini, utasoma tofauti isiyokuwepo, kwa hiyo subiri au hamisha gari.

Ukijaza njiani matairi yakiwa ya moto, ongeza kwa kufikiri. Tairi la nyuzi 45 lililojazwa hadi 32 litarudi karibu na 29 likipoa hadi nyuzi 25. Na usitoe upepo kwenye tairi la moto kwa sababu tu linasoma 36. Joto la safari ndilo lililolipandisha, na likipoa utakuwa umejitengenezea upungufu.

Taa ikiwaka katikati ya safari, punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, epuka kukata kona kwa ghafla, simama mahali salama upime. Kama tairi moja liko chini mno kuliko mengine, jaza na uangalie linashikilia kwa muda gani. Likishuka mbele ya macho yako, weka la akiba. Kuliendesha hivyohivyo hadi kwa fundi kunaweza kuua tairi ambalo tundu lake lingezibwa kwa kiraka, kwa sababu ubavu unaokunjwa bila upepo hukatika nyuzi zake za ndani. Tairi la namna hiyo linaweza kujazwa tena na kuonekana zima. Dalili yake ni mviringo mweusi uliochubuka kwenye ubavu, na unga wa mpira ndani likifunguliwa. Ukiuona unga huo, lisirudi barabarani.

Kwa sababu hiyohiyo mwombe fundi alitoe tairi kwenye rimu na kulitazama ndani kabla ya kuliziba, hata kama tundu ni dogo na kizibo cha kuchomeka kwa nje kingechukua dakika tano. Tundu lililo kwenye uso unaokanyaga barabara, lisilozidi milimita sita, hutengenezeka vizuri kwa kiraka cha ndani chenye kizibo. La kwenye bega au ubavu halitengenezwi. Mwambie mapema kama gurudumu lina sensa, maana mashine ya kubandua tairi huivunja kwa pigo moja fundi akiuweka mkono wa mashine hiyo karibu na valvu.

Likisharudishwa, pima likiwa baridi kesho yake, kisha baada ya wiki, ukilinganisha na mengine matatu. Kama gari lako linatumia mfumo wa ABS, kitufe cha kujifunza upya kinabonyezwa sasa, baada ya matairi yote manne kufikia namba ya kibandiko.